Pande Mbili za Kanga ya Zambarau

Harufu inayonirudisha utotoni ni ya kopo la halua lililokwisha halua. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na kopo kubwa la bati ambalo zamani lilitiwa halua ya Kiomani. Halua iliisha na kopo likaoshwa kwa maji ya moto kabla mimi sijazaliwa, lakini kila lilipofunguliwa lilitoa pumzi ya zafarani, iliki na marashi, kana kwamba halua ilihama ikasahau kuchukua kivuli chake. Ndani mlikuwa na nyuzi. Bibi alishona kofia, zile za mkono zinazovaliwa na wanaume wa huku, zenye vitundu vidogo vidogo vilivyozungushiwa uzi, na nyuzi zake zote zilinukia utamu. Mpaka leo nikiwa dukani nikifungua boksi la nyuzi mpya, nasubiri harufu ile itokee. Haitokei. Nyuzi za siku hizi zinanukia plastiki.

Tuliishi ghorofani, Khuwair ya Kusini, mtaa wa Maskati, mimi, Mama na Bibi. Mama alifanya kazi serikalini na kila asubuhi alishuka na ufunguo wa gari mkononi, akiniachia maneno yale yale: kula, kunywa dawa, kumsikiliza Bibi. Nilikuwa na pumu. Mwaka wa darasa la sita ilinibana mno, nikakosa masomo mengi, na nilipopata nafuu niliona haya kurudi kukaa na watoto waliokuwa wadogo kuliko mimi. Mama alibembeleza, mwalimu akapiga simu, mimi nikajifungia chooni mpaka wakachoka. Kusema kwangu kulikuwa shida hata kabla ya hapo. Mtu akiniuliza jina, Bibi ndiye aliyejibu. Basi nikabaki nyumbani, na mambo ambayo wenzangu waliyasoma kwenye vitabu, mimi niliyasoma pembeni ya dirisha la sebuleni, kwenye godoro la chini ambalo Bibi alikalia miguu imenyooka, kopo upande wa kulia, kikombe cha kahawa upande wa kushoto. Mbele ya dirisha lile palikuwa na jengo la jirani lenye ukuta mweupe usio na dirisha hata moja. Wageni walituonea huruma kwa kukosa la kutazama. Bibi aliupenda ukuta ule. Jua kali la Maskati liliupiga, nao ukaturudishia mwanga uliotulia, mweupe, usioegemea rangi yoyote. "Huu ukuta ndio taa yangu," alisema, "na bili yake haiji."

Sikuanza kwa kushona, nilianza kwa kufumua. Mtoto wa watu wengine hupewa sindano na kitambaa kibovu ajaribu. Mimi nilipewa kofia iliyokosewa, niitoe uzi wake bila kuchana nguo. Bibi aliamini kwamba mkono unaojua kufumua hauogopi kukosea. Nilipomaliza wiki nyingi za kufumua, na vidole vimejifunza upole, ndipo akaanza kunifundisha rangi. Wala hakuniambia kwamba ananifundisha. Alinitumia kama mtu anayetuma chumvi. "Nipe kijani." Nikampa kijani. Akauweka uzi juu ya uzi wa buluu, akautazama, akanirudishia. "Si huyo. Huyo leo kanuna." Nikautazama uzi mkononi mwangu, ulikuwa kijani kizuri tu. Akaniambia niuweke tena juu ya buluu nitazame. Kweli, ulikuwa umenuna. Umekuwa kama majani ya jana. Akauhamishia juu ya uzi mwekundu, ule ule, ukaamka ukacheka. Nilikaa nikiutazama, nikiutoa na kuurudisha, na Bibi akaendelea kushona bila kuniangalia, lakini nilijua anatabasamu.

Alikuwa na elimu yake ya rangi, na sikuisikia kwa mtu mwingine. Rangi kwake zilikuwa ukoo. Kila rangi ina ndugu zake, ina watani wake, na ina wakwe zake. Ndugu ni wale waliofanana na wanaokaa pamoja bila ugomvi, kama buluu, kijani cha bahari na kijani. Ukiwaweka peke yao nyumba inapoa, lakini wakizidi nyumba inalala usingizi. Watani wametoka mbali, na kila mmoja akimwona mwenzake hupandisha sauti: nyekundu na kijani, buluu na rangi ya chungwa, zambarau na manjano. Mtani mmoja mdogo tu anatosha kuichangamsha kofia nzima. Ukiwatia watani wengi, hapasikilizani. Wakwe ndio wagumu. Ni rangi mbili zenye nguvu sawa, zinazokaribiana lakini si ndugu, kama nyekundu ya pilipili na waridi kali. Hao wana heshima baina yao, hawakai mkeka mmoja. Ukilazimika kuwakutanisha, weka mshenga katikati: safu ya nyeupe, au ya rangi ya samli. Na kuhusu rangi iliyofifia, alikuwa na kauli aliyoirudia mara nyingi: "Rangi iliyochoka usiigombeze. Ibadilishie jirani."

Kosa langu la kwanza lilimpata Mjomba Suleiman, mdogo wake mama. Bibi alikuwa akimshonea kofia ya kijivu, akaniachia nichague uzi wa ukanda wa chini wakati yeye anaswali magharibi. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nilichukua uzi wa kijivu uliolingana kabisa na ule aliotumia juu, hata ungeziviringisha pamoja usingezitofautisha. Mjomba aliichukua kofia yake kwa furaha, na baada ya siku chache akaja mchana, jasho linamtoka, kaishika mkononi.

"Mama, hii kofia ina jini?"

"Imekufanya nini?"

"Nimetoka nyumbani nna kofia ya kijivu. Nimefika Khuwair, nimeshuka garini, mwenzangu ananambia, yakhe Suleiman, leo umevaa waridi, kuna harusi? Nimeingia ofisini nikajitazama kwenye kioo, kijivu. Nimetoka kwenda kuswali, waridi. Siku nzima watu wananitania."

Bibi aliichukua, akaitoa nje kwenye roshani. Juani ukanda wa chini ulikuwa na wekundu kama shavu la mtoto mchanga. Akaniuliza kwa upole, "Mke mwenzangu, ulipochagua, taa ilikuwa inawaka?" Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Nikatikisa kichwa kukubali. "Basi khalas, mjomba wako hana jini. Taa ina urongo wake na jua lina ukweli wake. Rangi ya mwanamume wa Maskati haichaguliwi kwenye taa, maana yeye huonwa juani." Akanipa kofia nifumue. Mjomba akaketi, akala tende, akasema, "Ifumue polepole, shangazi, nna kofia moja tu nyingine." Aliniita shangazi kwa sababu nilikuwa mkimya kama mtu mzima. Tangu siku ile sijachagua uzi bila kuutoa nje.

Nyuma ya godoro la Bibi, hapo ukutani, lilikaa sanduku la mbao alilokuja nalo kutoka Unguja alipokuwa mwari. Ndani yake, chini ya kila kitu, mlikuwa na upande mmoja wa kanga ya zambarau. Kanga huuzwa mbili mbili, pande mbili zinazofanana, na doti ile ilikuwa ya mama yake. Siku Bibi alipoondoka kumfuata mume huku Omani, mama yao aliikata doti kati kwa kati, upande mmoja akampa yeye, wa pili akampa mdogo wake, Bibi Zuwena, aliyebaki. Jina lililoandikwa kwenye kanga lilikuwa JIRANI HACHAGULIWI. Inasemekana bibi mkubwa, huyo mama yao, aliinunua kumpasha mwanamke wa nyumba ya pili aliyekuwa akichungulia vyungu vya watu. Bibi hakuwahi kuivaa. Hata pindo haikuwa imekunjwa na kushonwa, ilikuwa vile vile ilivyokatwa, imekunjwa mara nne na kuwekewa karafuu. Aliitoa mara chache, akaiweka mapajani, akaiangalia. Zambarau yake ilikuwa ya kutisha, nzito, kama zambarau lenyewe likipasuka mdomoni. "Mtu jirani hamchagui," aliniambia siku moja, "lakini rangi jirani yake unamchagulia wewe. Mama angelijua hilo angecheka."

Mwaka huo, joto lilipokuwa limeshika mpaka mpini wa mlango unauma mkono, Bibi Zuwena akaja. Ndugu hawa walikuwa hawajaonana tangu mimi sijazaliwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na kweli nyumba yetu ilipona. Alikuwa mwembamba, mrefu, msemaji, kila kitu kilimchekesha. Alileta achari ya embe, dagaa waliofungwa kwenye magazeti, na sauti. Aliingia sebuleni akasimama chini ya kiyoyozi akashika kifua. "Dada Thureya, nyinyi mwaishi ndani ya friji. Ndiyo maana hamuozi." Bibi alicheka mpaka akatoa machozi. Wiki ya kwanza walikaa kwenye godoro lile bega kwa bega, wakitaja majina ya watu waliokufa kama watu wanaohesabu lulu. Nilikuwa nikimsikia Bibi akisema Kiswahili ambacho sikuwahi kumsikia nacho, cha haraka, chenye vicheko katikati, Kiswahili cha msichana. Niliona wivu kidogo, kisha nikauzoea, kisha nikaupenda. Nilianza hata kujibu nilipoulizwa.

Alasiri moja, baada ya swala, Bibi alifungua sanduku. Alikuwa ameingoja saa hiyo. Aliutoa upande wake, akaukunjua polepole mapajani, chumba chote kikanukia karafuu, na zambarau ile ikameza mwanga wa dirisha. Bibi Zuwena akaweka mkono mdomoni. "Subhanallah. Dada, kumbe iko hivi."

"Iko vile vile alivyonipa. Na wako uko wapi? Umeuacha Unguja?"

Bibi Zuwena akacheka. "Wangu? Si huu nimejifunga."

Bibi akamtazama kiunoni. Nami nikatazama. Tangu amefika alikuwa akijifunga kanga moja akiamka, kanga ya rangi ya majivu yenye wekundu wa mbali, laini kama kitambaa cha kuchujia tui, maandishi yake hayasomeki tena. Tulikuwa tumeiona kila siku. Bibi mwenyewe alikuwa ameianika kwenye kamba ya roshani kwa mikono yake, asiijue.

"Huu?" alisema. "Huu ndio upande wa mama?"

"Ndio huo."

"Umeufanya tambara, Zuwena."

Kicheko kilikuwa bado usoni kwa Bibi Zuwena, kikawa hakina pa kwenda. "Nimeuvaa, Dada. Nguo huvaliwa. Watoto wangu wote nimewabebea kwa kanga hii. Na mama alipokuwa anaumwa alitaka hii hii, kila akisikia baridi nilimfunika nayo. Wewe utayajuaje? Hukuwepo."

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi sijawahi kuona mtu akiambiwa hivyo na akabaki mzima. Bibi aliukunja upande wake, mara nne, kwa uangalifu uleule, akaurudisha sandukuni, akaomba nimletee miwani yake ingawa alikuwa ameivaa. Baadaye Mama alinieleza nilichokuwa sikijui: bibi mkubwa alipofariki Unguja, Bibi alikuwa na mimba kubwa na hakuruhusiwa kusafiri. Alizikiwa mama yake na watu wengine. Kanga ile isiyovaliwa ndiyo iliyokuwa maziko yake.

Kuanzia siku ile nyumba ikapoa kuliko kiyoyozi. Hawakutukanana, hawakununiana mbele ya Mama. Walikuwa na adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniumiza. Mimi niliyekuwa siwezi kusema ndiye niliyefanywa mdomo wao. "Mwambie bibi yako chai tayari." "Mwambie bibi yako ashukuriwe, mimi nimeshakunywa." Walikuwa chumba kimoja, hatua chache baina yao, na mimi katikati kama safu ya uzi mweupe. Nilikumbuka somo la wakwe nikaona ajabu, maana hawa walikuwa ndugu. Watu husema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, maana watapatana tu. Lakini tiketi ya Bibi Zuwena ilikuwa inakaribia siku yake, wote wawili walikuwa na nywele nyeupe, na mimi mtoto nilielewa bila kuambiwa kwamba hapakuwa na muda wa kulima. Akipanda ndege hivi, hawa hawataonana tena wakiwa ndugu.

Siku moja nguo zilikuwa zimetoka kuanuliwa, Bibi Zuwena akaitupa kanga yake juu ya mto wa sebuleni akaenda kuoga. Mto ule ulikuwa wa manjano iliyopauka, kama bizari iliyomwagiwa maziwa. Nilipita, nikasimama. Kanga ilikuwa imebadilika. Pale ilipolalia mto, majivu yake yalikuwa yamekimbia; palikuwa na zambarau, ya mbali, kama mtu anayeitwa jina lake kutoka chumba cha pili. Nikainyanyua, ikawa majivu. Nikairudisha, zambarau ikaja tena. Mtani wake kamwita, nikasema moyoni. Halafu nikafikiri juu ya upande wa pili, ule wa sandukuni. Huo haukuhitaji kuitwa, ulihitaji kunyamazishwa. Bibi alinifundisha kwamba ukitaka mtu mwenye sauti kubwa aonekane mpole, mkalishe karibu na ndugu yake mwenye sauti kubwa zaidi.

Bibi alikuwa na mfuko wa vipande vya nguo. Nikatafuta siku mbili, nikijaribu kila kipande dirishani, nikitoka nacho juani na kurudi nacho ndani. Manjano nyingine zilikuwa kali mno, zikaifanya kanga ya Bibi Zuwena ionekane mgonjwa. Nyingine zilikuwa dhaifu, hazikumwita mtu. Mwisho nikapata moja iliyofanana na ule mto, na kwa upande wa Bibi nikapata kipande cha satini cha zambarau iliyokolea karibu na weusi, kilichobaki kwenye gauni la harusi la mtu. Nikakata tepe pana, upana wa kiganja changu. Sikushona. Nilijua kanga zile si zangu kuzitia sindano. Mchana Bibi alipolala chumbani na Bibi Zuwena akiwa kwenye msala wake, nikaomba kanga ya mmoja kwa ishara, nikafungua sanduku la mwingine, nikazitandika zote mbili juu ya godoro chini ya dirisha, nikazibana tepe kwa pini, manjano kuizunguka iliyofifia, satini kuizunguka iliyokolea. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya, kupeleka maneno ambayo hakuna aliyenituma. Nikaenda kwa Bibi nikasema, kwa sauti, "Bibi Zuwena anakuita." Nikaenda kwa Bibi Zuwena nikasema, "Bibi anakuita."

Walikutana mlangoni pa sebule. "Waniitia nini?" aliuliza mmoja. "Mimi? Si wewe uliyeniita?" Kisha wakageuka kunitafuta, na wakaziona kanga.

Kutoka pale mlangoni, katika mwanga wa ule ukuta mweupe, zilikuwa doti. Sitasema zilikuwa sawa kabisa, lakini zilikuwa za mama mmoja. Bibi Zuwena alikaza macho, akasogeza kichwa kushoto na kulia.

"Ipi yangu?" aliuliza.

Bibi alikuwa amekwishajua, nilimwona akitazama tepe, si kanga. Akaja akainama, akashika manjano baina ya vidole viwili, akaiinua kidogo, akaona majivu, akaishusha, akaona zambarau. Akafanya hivyo mara nyingi, kama nilivyofanya mimi na ule uzi wa kijani. "Kawabadilishia majirani," alisema. "Zuwena, njoo utazame. Kawabadilishia majirani."

Bibi Zuwena hakuwa mtu wa kuamini upesi. Akakusanya kanga zote mbili na pini zake, akatoka nazo kwenye roshani, akaziinua juani. Kule nje ukweli ukaonekana: moja imekolea, moja imechoka, na tepe zangu hazikuweza kitu. Nilitaka kukimbilia chooni. Lakini Bibi alikuwa amemfuata, na wakasimama pale kwenye joto lile, wakizitazama.

"Ndani ndugu, nje majirani," alisema Bibi Zuwena.

"Basi tukae ndani. Wewe na mimi juani twatoka lini?"

Bibi Zuwena akaanza kucheka, akashika mlango, na kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, na Bibi akamshika. Niliwaacha. Nilikwenda jikoni nikafungua maji ya bomba ili wasidhani nasikiliza.

Siku zilizobaki walizitumia kushona tepe zile. Kila mmoja alishona upande wa mwenzake. Nani aliyetoa shauri hilo sikumbuki. Bibi alishika ile iliyochoka, akasema nguo imekuwa laini namna hii, na Bibi Zuwena akamweleza kila doa: hapa palimwagika uji, hapa pana mafuta ya nazi ya mtoto wa kwanza, hapa ndipo mama alipokuwa akishika akilala. Bibi aliitikia kila doa kwa kichwa, sindano inakwenda. Walipomaliza, siku ya kuondoka, Bibi Zuwena alinyoosha mkono kuchukua kanga yake, na Bibi akampa ile nyingine.

"Nipe mimi hii uliyomfunika nayo," alisema. "Wewe chukua ya sandukuni. Uivae."

"Ntaivaa mpaka ife, Dada."

"Ndilo nnalotaka."

Hawakuonana tena. Bibi alijifunga kanga ile ya majivu kila jioni kwa miaka aliyobakiwa nayo, na ndiyo iliyokuwa miguuni pake siku aliyofariki. Bibi Zuwena alimfuata baada ya muda si mrefu. Mimi nikarithi kanga, kopo, na kazi. Siku hizi nachagua rangi kwenye duka la ushoni lisilo mbali na nyumbani. Kuna kompyuta yenye rangi nyingi kuliko majina ya rangi niliyonayo, kila moja na nambari yake, na wateja huja na picha kwenye simu wakasema nataka hii. Ni kazi nzuri, na mashine ile haichoki wala haikosei nambari. Ila haijui nani mtani wa nani. Nikimwambia mteja atoke na kitambaa juani kwanza, wengine hucheka, wengine hutoka. Na ule ukuta mweupe umevunjwa, limejengwa jengo la vioo vya kijani, basi mwanga unaoingia kwenye dirisha la Bibi sasa una rangi yake wenyewe. Naweza kurudi kwenye chumba kile wakati wowote, bado tunakaa hapo. Kwenye mwanga ule siwezi kurudi.

Baridi iliyopita, Nasra, mjukuu wa Bibi Zuwena, alikuja Maskati kututembelea. Ni msichana wa rika langu, msemaji kama bibi yake. Alikuwa amejifunga kanga aliyorithi, na safari hii mimi niliijua mara moja kwa tepe yake ya satini. Nikaileta yangu. Tukazitandika kwenye godoro pale pale.

Nasra akazitazama akakunja uso. "Mbona hazifanani? Bibi alisema ni doti moja."

Nikainama. Bibi Zuwena alikuwa ametimiza neno lake. Ile zambarau nzito ilikuwa imevaliwa, imefuliwa, imeanikwa kwenye jua la Unguja, mpaka imekuwa majivu yenye wekundu wa mbali. Nikafunika tepe zote mbili kwa viganja na kuacha kanga peke yake. Zilikuwa sawa. Sawa kabisa, bila msaada wa mtu. Zilizozitenganisha sasa ni tepe zangu: ile ya manjano ikiendelea kuliita jina la zambarau, ile ya giza ikiendelea kumnyamazisha mtu ambaye hana tena sauti.

Nikachukua mkasi mdogo nikaanza kufumua, kazi niliyofundishwa kabla ya nyingine zote. Nilianza na satini, mshono wa mkono wa Bibi Zuwena niliyemwona akiushona akicheka na kulia. Uzi ulitoka taratibu. Na utepe ulipoanza kuinuka, chini yake, mahali ambapo jua halikufika miaka yote ile, palikuwa na mstari wa zambarau. Ile ile. Nzito, ya kutisha, kama siku ilipotoka sandukuni.

Nasra akaweka kidole juu yake. "Kumbe ndiyo rangi yake?"

"Ndiyo," nikasema.

Nilitaka kuurudishia utepe. Nilikuwa nimekwishatia uzi kwenye sindano, nikisema nitaushona vizuri zaidi, usiingie mwanga hata kidogo. Nasra akanitazama kana kwamba nimesema nataka kuzika kitu kilicho hai. "Sasa nani atauona?" aliuliza. Nikauchomoa uzi kwenye sindano. Nikafumua mpaka mwisho, wake na wangu, nikamrudishia kanga yake na ule mstari pembezoni, naye akajifunga hapo hapo.

Siku aliyoondoka nilisimama kwenye roshani kumtazama akishuka kwenda garini. Ilikuwa saa sita mchana. Kanga ilikuwa rangi ya majivu, na chini kabisa, kwenye ukingo, ile zambarau ilikuwa ikiwaka juani kila alipopiga hatua. Itafifia, najua, nimelijua jua la huku na la kule. Nilibaki pale mpaka mlango wa gari ukafungwa, nikiitazama kwa macho yote mawili, maana ndiyo rangi ambayo sijapata uzi wake mpaka leo.